Raba Iliyogandia Kwenye Ekzosi: Jinsi ya Kuiondoa, na Inachosema

Maandishi ya mazungumzo yaliyotolewa kwa waendeshaji wa bodaboda, mafundi wa pikipiki na wakazi katika uhamasisho wa afya na usalama barabarani.



Mazungumzo haya yanahusu kitu kidogo ambacho wengi hukiona kila siku na kukipuuza: lile doa jeusi lililogandia kwenye ekzosi ya pikipiki. Pengine ni kisigino cha gambuti, pengine ni soli ya patipati ya abiria, pengine ni ncha ya koti la mvua au ya leso. Mwenye pikipiki huchukizwa nalo kwa sababu linanuka, linatoa moshi na linaharibu sura ya chombo chake. Basi huchukua kitambaa, huchovya petroli, huanza kusugua. Hapo ndipo jambo dogo hugeuka kuwa ajali.

Kabla ya kufika kwenye namna ya kuliondoa doa hilo, ifahamike kwanza ni kitu gani kilichogandia. Watu husema raba, lakini mara nyingi si raba. Raba halisi, ile ya tairi na ya akala, hupikwa kiwandani pamoja na salfa. Njia hiyo iligunduliwa na Mmarekani Charles Goodyear mwaka wa 1839, na tangu hapo raba iliyopikwa hivyo haiyeyuki kama nta. Ikikutana na joto kali huungua na kuwa masizi yanayonata, na hutoa ile harufu ya salfa inayojulikana na kila aliyewahi kuona tairi likichomwa. Gambuti nyingi, patipati na makoti ya mvua ni plastiki za aina mbalimbali. Hizi ndizo zinazoyeyuka, zikatandazika kwenye bomba, kisha zikaganda kama rangi nene.

Tofauti hii si ya vitabuni tu, maana ndiyo inayoamua kazi. Plastiki hulegea ikipashwa moto kidogo, kwa hiyo hukwanguliwa bomba likiwa na uvuguvugu. Raba iliyoungua hailegei, basi huachwa ipoe kabisa, ikauke, ndipo ikwanguliwe kama ukoko wa sufuria. Fundi asiyejua tofauti hii atapasha moto kipande cha tairi mchana kutwa na hakitabanduka.

Jambo la pili ni mahali lilipo doa. Doa la ekzosi husimulia habari, na mwendeshaji mwenye busara hulisoma kabla ya kulifuta.

Doa likiwa mbele, karibu na pale bomba linapotoka kwenye injini na kupinda kuelekea nyuma, mara nyingi ni la mwendeshaji mwenyewe. Ni gambuti lake wakati wa mvua, au suruali ya plastiki anayoivaa juu ya nguo ili asilowe. Sehemu hiyo ndiyo yenye moto kuliko zote, na pikipiki ikifanya kazi inaweza kupita nyuzi 200 za Selisiasi. Hapo dawa yake ni viatu vinavyobana mguu vizuri na suruali ya mvua iliyofungwa chini, isiyopepea.

Doa likiwa katikati, karibu na mahali pa abiria pa kukanyagia, basi kuna kitu kimeharibika. Labda kikanyagio kimepinda au kimekatika. Labda kinga ya ekzosi, lile bati lenye matundu linalofunika bomba, haipo. Pikipiki hutoka dukani ikiwa na kinga hiyo. Hushikwa na skrubu chache tu, na barabara za changarawe huzilegeza. Kinga ikianza kupiga kelele, mwenyewe huchoka nayo, humwambia fundi aitoe, na hairudi tena. Kelele imeisha, ni kweli. Lakini tangu siku hiyo kila mguu wa abiria unaokaribia bomba hauna kitu cha kuuzuia.

Doa likiwa nyuma kabisa, karibu na tundu la moshi, kuna mambo mawili. La kwanza ni blada, zile kamba za mpira zinazokatwa kwenye tyubu na kutumika kufunga mizigo. Ncha yake ikining'inia huangukia bomba na kuungua polepole, na mzigo hulegea bila mwendeshaji kujua. La pili ni zito zaidi. Pikipiki ina vikanyagio vya mwendeshaji na vya abiria mmoja, basi. Abiria wa pili akipandishwa nyuma hana mahali pa kuweka miguu, kwa hiyo huining'iniza, na akichoka huiegemeza kwenye ekzosi. Soli ya kiatu cha mtoto wa shule iliyogandia nyuma ya bomba inaonyesha kwamba pikipiki hiyo ilibeba watu watatu. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inaruhusu abiria mmoja tu, na inamtaka mwendeshaji na abiria wavae helmeti na jaketi lenye viakisi mwanga. Wengi huichukulia sheria hii kama kisingizio cha askari cha kusimamisha watu. Ukiitazama ekzosi, utaona sababu nyingine ya kuwepo kwake.

Sasa kazi yenyewe. Kwanza, mambo ambayo hayafai kufanywa, kwa sababu ndiyo yanayofanywa zaidi.

Petroli isitumike, iwe bomba ni la moto au ni baridi. Petroli haihitaji kuguswa na moto ili iwake. Hutoa mvuke hata kukiwa na baridi, na mvuke huo ni mzito kuliko hewa, hivyo hushuka na kutambaa chini mpaka ukutane na sigara, jiko la muuza mahindi ya kuchoma, au cheche ya plagi. Kitambaa chenye petroli kikisuguliwa kwenye bomba lililotoka safarini kinaweza kushika moto mkononi mwa anayesugua, huku tangi la petroli likiwa sentimita chache juu yake. Wapo wanaodhani mafuta ya taa ni salama zaidi. Kwenye chuma cha moto si hivyo. Mafuta ya taa yakigusa chuma chenye joto la kutosha huweza kuwaka yenyewe bila cheche yoyote, tena kwa joto dogo kuliko lile linalohitajika kuwasha petroli kwa njia hiyo.

Moto wa kulehemu usitumike kuunguza doa. Utaharibu kromu na rangi, na utakuwa karibu na tairi, waya na tangi. Zaidi ya hayo, plastiki ya aina ya PVC, inayotengenezea gambuti na makoti mengi ya mvua, ikiungua hutoa moshi wenye asidi unaowasha macho na koo. Mwenye pumu hafai kuukaribia kabisa.

Kisu, patasi na bisibisi navyo viachwe. Vitalitoa doa, lakini vitakwaruza kromu, na kutu itaingia kwenye mkwaruzo huo kabla msimu wa mvua haujaisha.

Kostiki soda, ile ya kutengenezea sabuni, hula uchafu mwingi na wengine huisifu. Lakini huunguza ngozi, hupofusha macho ikirukia, na ikigusa alumini huila huku ikitoa gesi inayowaka. Sehemu kubwa ya injini ya pikipiki ni alumini. Kwenye steji, mahali penye watu na watoto, haina nafasi.

Namna iliyo salama ni hii, na haihitaji vifaa vya gharama. Pikipiki isimamishwe nje, mahali penye hewa, kwenye stendi ya katikati kama ipo. Isiwe ndani ya nyumba, wala kwenye kibanda kilichofungwa, kwa maana moshi wa injini una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu wala rangi ambayo huua watu ndani ya vyumba. Watoto waondolewe. Ndoo ya maji iwe karibu.

Kama lililogandia ni plastiki, injini iwashwe dakika mbili au tatu tu, kisha izimwe. Bomba litapata joto la kulegeza plastiki bila kufika kiwango cha kuunguza kila kitu. Pikipiki iliyotoka safarini isishughulikiwe hapo hapo. Iachwe ipoe kwanza, ndipo ipashwe upya kwa kipimo. Anayefanya kazi avae glavu za ngozi au za kitambaa kizito. Glavu za mpira au za nailoni hazifai, kwa sababu nazo zitaungua au kuyeyuka, safari hii zikiwa zimegandia kwenye vidole.

Kifaa cha kukwangulia kiwe laini kuliko chuma cha bomba lakini kigumu kuliko plastiki iliyolegea. Mwiko wa mbao uliochongwa ncha bapa hufaa sana, ila mwiko huo usirudishwe jikoni. Kipande cha mti mgumu, au brashi ya waya wa shaba, hufaa pia. Kazi ianzie ukingoni mwa doa kuelekea katikati, kwa mikwanguo mifupi, na anayekwangua asukume kifaa kwenda mbali na mwili wake. Plastiki itajikunja kama nta. Bomba likipoa kabla kazi haijaisha, injini iwashwe tena dakika moja au mbili, izimwe, kazi iendelee. Mtu asikwangue injini ikiwa inanguruma, hata kama ana haraka ya kuwahi abiria wa jioni.

Baada ya sehemu nene kutoka, hubaki utando mwembamba. Hapo bomba liachwe lipoe kabisa. Kwenye kromu, foili ya jikoni iliyokunjwa na kuchovywa majini husugua vizuri bila kukwaruza, na matokeo yake huwashangaza wengi. Waya laini kabisa wa kusugulia unaweza kutumika kwa mkono mwepesi, pamoja na maji na sabuni. Kwenye bomba lililopakwa rangi nyeusi, kama ilivyo kwa bodaboda nyingi, waya na msasa viachwe. Kitambaa, maji ya sabuni na subira vinatosha. Rangi ikiwa imeshatoka, sehemu hiyo isafishwe na kupakwa rangi inayostahimili joto, ile inayouzwa kwa ajili ya injini na ekzosi. Rangi ya kawaida itafuka moshi na kubanduka siku hiyo hiyo. Asetoni, inayopatikana kwenye dawa ya kutoa rangi ya kucha, hulainisha baadhi ya plastiki, lakini si zote. Nayo huwaka haraka, kwa hiyo ikitumika iwe kidogo kwenye kitambaa, bomba likiwa baridi kabisa na pasipo moto wowote karibu. Kwenye rangi isitumike, kwani huing'oa.

Utando ukigoma kutoka, si lazima kupigana nao. Mabaki membamba huungua yenyewe polepole kwa siku chache za kazi na kubaki doa la kahawia. Halipendezi, lakini halimdhuru mtu. Hakuna sababu ya kupoteza asubuhi nzima kwa ajili yake.

Swali ambalo huulizwa mara nyingi ni namna ya kujua kwamba bomba limepoa. Wengi hutumia tone la maji. Tone likirukaruka juu ya chuma kama shanga, bomba ni la moto mkali sana. Likichemka na kutoa sauti, bado lina joto la maji yanayochemka au zaidi. Lakini tone likitulia kimya, watu husema limepoa, na hapo ndipo wengi huungua. Maji huchemka kwenye nyuzi 100 pwani, na kwenye nyanda za juu huchemka chini kidogo ya hapo. Ngozi ya binadamu haisubiri kufika huko. Chuma chenye nyuzi 60 huiunguza vibaya kwa muda wa sekunde tano hivi, na chenye nyuzi 70 huiunguza chini ya sekunde moja. Kwa hiyo bomba ambalo maji hayachemki juu yake bado linaweza kubandua ngozi ya mtoto. Njia bora ni kusubiri, nusu saa kwa uchache na ikiwezekana saa nzima, kisha kukaribisha mgongo wa mkono bila kugusa. Kama joto linahisiwa, bado.

Hapo ndipo penye uzito wa mazungumzo haya. Pale doa lilipo ndipo panapopita mguu wa mtu, na kiatu kilichoyeyuka kiliokoa ngozi. Asiyevaa kiatu kirefu huungua kwenye shavu la mguu, upande wa ndani. Kovu hilo, la mviringo au la yai, liko kwenye miguu ya watu wengi katika kaunti hii, na wenyewe huligeuza kuwa mzaha. Si mzaha kwa msichana anayelazimika kukaa nyumbani wiki mbili kwa sababu kidonda kimeingia usaha.

Kwenye bodaboda nyingi ekzosi iko upande wa kulia. Basi abiria apandie kushoto na ashukie kushoto, na mwendeshaji ndiye wa kumwambia, kwa heshima, kila mara: "Mama, shukia huku." Kushukia kushoto pia humwepusha abiria na magari yanayopita kulia. Mwenye leso, buibui au sketi ndefu aikusanye na kuikalia kabla pikipiki haijaondoka, isipeperuke kwenye bomba wala kwenye mnyororo. Pikipiki ikiegeshwa kwenye steji au uani, upande wa ekzosi uelekezwe ukutani au mbali na njia ya watoto. Mtoto wa miaka miwili hutembea na mikono mbele, na bomba liko kwenye kimo cha mikono yake.

Mtu akiungua, cha kwanza ni maji safi ya kawaida yanayotiririka, dakika 20 kamili. Zihesabiwe kwa saa, kwa sababu dakika 20 ni ndefu kuliko watu wanavyodhani na wengi huacha baada ya mbili. Pasipo na mfereji, maji ya mtungi yamiminwe polepole, na yakiisha yaletwe mengine. Maji haya bado yanasaidia hata kama saa tatu hazijapita tangu kuungua, kwa hiyo aliyeungulia njiani asiache kwa kudhani amechelewa. Barafu isitumike, huumiza ngozi zaidi. Kiatu, soksi na mapambo ya mguuni vitolewe kabla mguu haujavimba. Plastiki iliyogandia kwenye ngozi yenyewe isibanduliwe. Ipozwe na maji, iachwe hapo, mhudumu wa afya ataishughulikia.

Dawa ya meno, yai, unga, mafuta ya kupikia, majivu na mafuta ya taa visipakwe. Kila boma lina mzee anayeapa kwamba dawa ya meno ilimponya. Alipona kwa sababu jeraha lake lilikuwa dogo. Vitu hivyo huzuia joto kutoka, huleta vijidudu, na humlazimu muuguzi kuvisugua kutoka kwenye kidonda kibichi kabla ya kuanza matibabu, na uchungu wake si wa kusimuliwa. Baada ya maji, jeraha lifunikwe kwa kitambaa safi kisichoacha nyuzi, bila kukazwa. Malengelenge yasipasuliwe.

Jeraha lililo kubwa kuliko kiganja cha mwenyewe, lililo jeupe au jeusi, lisilouma kabisa, au lililo usoni, mkononi, kwenye nyayo au kwenye kiungo, lipelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo. Kutouma kusimtulize mtu, kwa maana jeraha la kina huua mishipa ya hisia. Watoto wadogo, wazee na wajawazito wapelekwe hata jeraha likiwa dogo. Mwenye kisukari naye asisubiri, kwani anaweza kuungua bila kuhisi, na kidonda cha mguu kwake hukawia kupona. Mhudumu atauliza kuhusu chanjo ya pepopunda, kwa hiyo ni vyema kukumbuka ilidungwa lini mara ya mwisho.

Aliyepewa dawa na kurudishwa nyumbani aonyeshe kidonda tena siku ya pili au ya tatu, hata kama anahisi nafuu, kwa sababu kina cha jeraha la moto hakionekani vizuri siku ya kwanza. Na pikipiki iliyomuunguza isirudi barabarani kabla fundi hajarudisha kinga ya ekzosi na kukaza skrubu zake.